Je, wajua kwamba "none" la Kiingereza si la umoja tu?

Shuleni nilifundishwa kwamba neno "none" hufuatwa na "is", kamwe si "are". Sababu: "none" ni "not one", yaani hata mmoja, na mmoja hawezi kuwa wengi. Niliiamini kanuni hiyo miaka mingi, nikawasahihisha na wenzangu. Kumbe niliwapotosha.

Asili yenyewe ni ya kweli. Katika Kiingereza cha kale neno lilikuwa "nān", yaani "ne" ya kukanusha iliyounganishwa na "ān", moja. Kosa ni kudhani kwamba neno hubaki na deni kwa vipande vilivyoliunda. Chukua "mwanafunzi". Ndani yake mna "mwana", lakini mzee wa miaka 60 akijiandikisha chuoni tunamwita mwanafunzi, na hakuna anayeuliza ni mwana wa nani. Vipande vikishaungana, neno hushika njia yake. "Nān" lilishika yake mapema, kwani hata zama hizo lilikuwa na umbo la wingi.

Ushahidi unaonifurahisha zaidi umo katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611. Warumi 3:10 inasema "There is none righteous, no, not one", kwa kitenzi cha umoja. Lakini katika Matendo 20:24 Paulo anasema "none of these things move me". Umoja wa wakati ule ungekuwa "moveth". Watafsiri waliandika "move", wingi mtupu. Kitabu kimoja, matumizi mawili. Na katika Warumi "none" na "not one" yamesimama bega kwa bega, kama tusomavyo kwa Kiswahili: "Hakuna mwenye haki hata mmoja". La kwanza linakana, la pili linakaza.

Kinachoamua ni kile kisichokuwepo. Kikihesabika, "none of the students are here" ni sahihi, na "is" pia, hasa ukitaka kusisitiza hata mmoja. Kisipohesabika, ni "is" tu: "none of the water is clean". Hapa Kiswahili kinaweza kututega, maana kwetu maji ni "haya", ilhali "water" ni umoja.

Ila kwenye mtihani tumia "is". Wapo wasahihishaji ambao bado wanaishika kanuni ile ya zamani.