Macho mekundu ya bibi ni moshi, si uchawi

Vijijini Tabora, bibi wa miaka 80 ambaye bado anashika jembe na Jumapili hakosi kanisani anaweza kunyooshewa kidole: "Macho mekundu vile, ndiyo maana hafi." Wekundu huo umetoka jikoni. Mafiga matatu, chumba kisicho na dirisha, kuni mbichi, naye ameinama anapuliza moto tangu usichana wake. Msimu wa tumbaku kuna tena usiku wa kuchochea moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku. Moshi huchubua utando wa jicho, na vimishipa vya damu hutanuka; miaka ikipita, wekundu hauondoki.

Chanzo kingine ni trakoma, yaani vikope. Maambukizi ya kujirudia tangu utotoni huacha makovu, kope zinapinda ndani, na kila akipepesa zinakwangua kioo cha jicho. Kuzing'oa kwa kibano ni nafuu ya muda tu, maana huota tena. Upasuaji mdogo, kwa ganzi ya sindano, ndio unaozinyoosha.

Jikoni, pasueni kuni na kuzianika hadi zikauke, toboeni tundu la moshi juu ukutani. Na kutia maziwa jichoni kama dawa, hapana, yanaingiza vijidudu.