Mbona tunachanga akishakufa? Maswali na majibu kuhusu afya na kuwa na watu

Mtaa wowote wa Tabora, uwe Isevya, Ng'ambo au Cheyo, mtu akifariki usiku, asubuhi turubai limeshafungwa, masufuria yameshaazimwa na daftari la rambirambi liko mezani. Maswali yafuatayo yanahusu miaka iliyotangulia turubai hilo.

Ni kweli mtu mwenye watu huishi zaidi, au ni maneno ya kufarijiana?

Ni kweli, na limepimwa. Mwaka 1979 watafiti Lisa Berkman na Leonard Syme walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima karibu 7,000 wa Alameda, California, kwa miaka 9. Wasio na ndoa, ndugu wa karibu, marafiki wala kikundi chochote walikufa kwa wingi zaidi, hata baada ya kuzingatia nani anavuta sigara na nani anakunywa pombe. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000. Wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa asilimia 50 zaidi wa kuwa hai utafiti ulipokwisha. Hiyo haina maana kwamba wataishi nusu ya umri zaidi, kama wengine wanavyoisoma.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa ripoti Juni 2025: mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na vifo takriban 871,000 kila mwaka vinahusishwa nao. Ila tuwe waangalifu, maana mgonjwa naye hujitenga. Si kila mpweke anayeumwa ameuguzwa na upweke.

Maneno na salamu vinaingiaje mwilini?

Kwanza kwa njia ya msongo. Mwenye hofu asiye na wa kumwambia hukaa na homoni za msongo juu kwa muda mrefu: moyo unakwenda mbio, shinikizo linapanda, sukari inapanda, usingizi unakata. Sheldon Cohen wa Marekani aliwahi kuwatia watu 276 virusi vya mafua puani, kwa ridhaa yao, na mwaka 1997 akaeleza kwamba waliokuwa na aina nyingi za uhusiano (kazini, nyumbani, kanisani, kwa majirani) waliugua kidogo kuliko wenye chache.

Njia ya pili ndiyo kubwa zaidi kwa maoni yangu, na haina homoni hata moja: kuna mtu anayekuona. Chukua mgonjwa wa kisukari. Miguu ikishaingia ganzi, anaweza kukanyaga msumari wa kandambili siku nzima asihisi kitu. Kidonda kinaanzia chini ya unyayo, mahali ambapo mtu mzima mwenye kiuno kigumu na macho hafifu hawezi kupaona. Mjukuu akimwosha bibi miguu jioni, akaipangusa mpaka katikati ya vidole na kumulika na tochi ya simu, kidonda kinagundulika kikiwa saizi ya punje ya mchele. Bibi anayeishi peke yake hugundua kwa harufu, na hapo mara nyingi daktari wa upasuaji keshaanza kuhusika.

Sisi tuna vikundi vya kufa na kuzikana, tuna ngoma, tuna utani. Mbona presha na kisukari vinatumaliza?

Kwa sababu ushirika wetu umejengwa kuzunguka msiba. Katiba nyingi za vikundi zinataja jeneza, sanda, mchele na usafiri wa kwenda kuzika. Ukitafuta kifungu cha mwanachama anayekunywa vidonge kila siku maisha yake yote, hukioni, au kuna mstari mmoja wa "kumjulia hali aliyelazwa". Presha haimlazi mtu. Inamwacha anatembea, anauza maembe yake sokoni, mpaka siku ya kiharusi.

Mtu wa Sikonge anayetakiwa kufika Hospitali ya Kitete akikosa nauli huahirisha. Nauli hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na tutakachochanga akifa, lakini hakuna anayeitisha mchango wa nauli ya kliniki. Kikundi kinachotenga sehemu ya ada kwa ajili hiyo, hata kama mkopo usio na riba, kinaokoa watu.

Utani nao tunaupoteza bure. Mzee wa Kinyamwezi anayemfukuza mkewe na mwanawe wakimtajia kliniki hawezi kumfukuza mtani wake wa Kigogo au Kizaramo. Mtani akimwambia, "Wewe ukifa leo nachukua baiskeli na mizinga yako yote," watu watacheka, na yeye atacheka, na huenda Jumatatu akaenda kupima. Mjukuu pia ana ruhusa hiyo kwa babu yake. Mtumeni.

Kikoba chetu kinakutana kila wiki. Tunaweza kununua mashine ya presha?

Mnaweza, chagueni ya kufunga mkononi juu ya kiwiko. Tatizo ni namna ya kupima. Mama amekuja kwa miguu kutoka Ipuli, amechelewa, anaogopa faini, anakaa chini na kufungwa mkanda hapo hapo huku anabishana na mweka hazina: namba itakayotoka haina maana. Akae kimya dakika 5, mgongo uegemee, nyayo zikanyage chini, mkono ulale mezani usawa wa moyo. Pimeni mara mbili. Ikiwa 140/90 au zaidi siku tofauti tofauti, aende kituo cha afya. Asianzishiwe dawa za jirani. Namba ziandikwe kwenye daftari la mwenyewe, si ubaoni.

Watu hao hao hawawezi kutuletea ugonjwa?

Wanaweza. Kilabuni kuna urafiki mtamu sana. Mwenye kifua kikuu akisengenywa huacha kwenda kuchukua dawa zinazohitaji kwa kawaida miezi 6 bila kukatisha, ilhali mtu mmoja tu wa nyumbani anayemwona akizimeza angetosha kumvusha. Na "familia inamuuguza" mara nyingi ni binti mmoja asiyelala, asiyekula kwa wakati, na hakuna anayempokea zamu.

Mjomba alistaafu reli. Siku hizi hatoki hata barazani. Ni uzee?

Msiharakie kusema hivyo. Mpimisheni masikio na macho kwanza. Wazee wengi huacha baraza kwa sababu hawasikii na wanaona aibu kuuliza "umesemaje?" kila mara. Hata nta iliyoziba sikio hutolewa kituoni. Msimchokonoe kwa kijiti cha kiberiti. Barazani mumkalishe upande wa sikio zuri, asemeshwe usoni, na wawili watatu wakienda kwake ni bora kuliko kumpeleka kwenye kelele.

Akiwa amepoteza hamu ya kula, halali, au anasema ni heri asingekuwepo, huenda ni sonona, ugonjwa unaotibika. Asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.