Maana ya "jengo lililoidhinishwa" katika sheria ya ndoa ya England na Wales

Kwa mwenyeji wa pwani yetu, ndoa huenda popote anapokwenda kadhi: msikitini, sebuleni kwa baba wa bibi harusi, au uani chini ya turubai, maadamu walii, mashahidi na mahari vipo. Sheria ya England na Wales inauliza kwanza ndoa imefungwa wapi.

Zamani jibu lilikuwa kanisani. Sheria ya mwaka 1836 iliongeza ofisi ya msajili wa ndoa na majengo ya ibada yaliyosajiliwa, na ile ya mwaka 1994 ikaruhusu halmashauri kuidhinisha hoteli, majumba ya kale na kumbi nyingine kwa ndoa za kiserikali. Hilo ndilo jengo lililoidhinishwa. Ni lazima liwe jengo la kudumu lisilohamishika, au chombo cha majini kilichofungwa gatini moja kwa moja, na lisiwe mahali pa ibada. Hema la ufukweni halifai, wala mashua inayosafiri. Tangu Julai 2021 ndoa yenyewe yaweza kufungwa nje, bustanini kwa mfano, ila bustani hiyo iwe ya jengo lenye kibali. Wayahudi na Waquaker (madhehebu madogo ya Kikristo) peke yao wameachiwa uhuru wa mahali tangu zamani, jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni vigumu kulitetea mbele ya Waislamu na Wahindu wa leo.

Uzito wake ulionekana mahakamani. Mwaka 1998, katika mkahawa mmoja wa Southall, London, imamu alifungisha nikaha mbele ya wageni wapatao 150. Bibi harusi alitarajia kwamba ndoa ya kiserikali ingefuata, mume hakukubali. Walipotengana, baada ya kuishi pamoja miaka 18 na kupata watoto wanne, mke aliomba talaka. Mahakama Kuu iliona mwaka 2018 kwamba ilikuwa ndoa batili, na neno hilo, ijapokuwa linatisha, lilikuwa rehema kwake, kwa kuwa ndoa batili bado humpa mtu haki ya kudai mgawo wa mali. Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ikatengua: mkahawa haukuwa na kibali, msajili hakuwapo, taarifa ya kusudio la kuoana haikutolewa, kwa hiyo mbele ya sheria hapakuwa na ndoa ya kubatilisha.

Nawaomba ndugu zetu walioko huko walizingatie hili kabla ya kukodi ukumbi, na hasa wazazi wa binti. Msikiti nao hautoshi kwa kuwa ni msikiti, maana si yote iliyosajiliwa kwa ajili ya ndoa. Nikaha ya nyumbani haikatazwi. Kinachotakiwa ni wawili hao kutoa taarifa kwa msajili, kungoja siku 28 kamili, kisha kufunga ndoa ya kiserikali mbele ya mashahidi wawili. Wengine hupita kwa msajili asubuhi, na jioni yake walii anashikana mkono na bwana harusi nyumbani.