Kuprinti picha za faragha Dar es Salaam: fuatilia nakala zinazobaki njiani

Mteja mwenye picha ambazo hataki zionwe na mtu mwingine huanza, karibu kila mara, kwa kuniuliza kama mimi ni mtu wa kuaminika. Swali hilo nalielewa na nalijibu kwa heshima, lakini kazi ya kusafisha picha imenifundisha kwamba halimlindi sana anayeliuliza, kwa sababu hata fundi mwaminifu kabisa anaweza kuiacha picha yako mahali pengi bila kukusudia: kwenye simu ya duka, kwenye kompyuta ya kaunta, ndani ya mashine yenyewe na kwenye ndoo ya taka. Ningependa kila mteja aje na swali jingine: tangu picha inapotoka kwenye simu yangu hadi ninapoishika mkononi, itapita wapi, na kila inapopita itaacha nini?

Ninaposema picha za faragha sizungumzii utupu peke yake. Zimo picha ambazo mke na mume wamejipiga chumbani mwao, lakini zimo pia picha za dada anayevaa hijabu aliyepigwa picha akiwa kichwa wazi siku ya hina yake, picha za tumbo la mimba, za kujifungua, na za makovu. Kwa mwanamke ambaye nywele zake hazionwi na mwanamume asiye maharimu wake, picha ya hina ni nyeti sawasawa na ile ambayo mwenzake angeiita ya utupu, na fundi anayeibandika ukutani ili kutangaza kazi yake nzuri amemvunjia heshima hata kama yeye hakuona ubaya wowote. Mama mmoja aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani aliniletea picha za kifua chake alizopigwa na binti yake kabla ya upasuaji na baada yake. Nilimwamkia, nikamkaribisha, naye akasema kwa sauti ya chini, "Marahaba, mwanangu. Hizi nataka nizishike, lakini sitaki zipite kwa vijana." Nilimwekea kiti kando ya mashine, akakaa mpaka ya mwisho ilipotoka, na aliondoka na kila kipande kilichobeba umbo lake, pamoja na vile vilivyoharibika. Huduma ya namna hiyo inawezekana katika duka lolote, iwapo mteja anajua la kuomba na fundi anajua mashine yake inafanya nini.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu aprinti kabisa picha za aina hii wakati zingebaki salama simuni. Simu ya mjini huporwa kituoni, hupelekwa kwa fundi Kariakoo pamoja na namba yake ya siri, na hushikwa na watoto wanaotafuta katuni. Karatasi moja iliyofungiwa sandukuni, baada ya faili zake kufutwa kwa ukamilifu, ina hatari chache kuliko hiyo. Kwa hiyo nauona uamuzi wa kuprinti kuwa wa busara, ila njia ya kutoka simuni hadi kwenye karatasi ndiyo yenye mashimo.

Shimo la kwanza ni WhatsApp. Karibu kila steshenari na studio ya jijini imeandika namba yake kwenye bango, na mteja huombwa atume picha kabla hajafika. Namba hiyo huwa kwenye simu ya duka inayoshikwa na kila aliye zamu, simu hiyo huhifadhi picha zinazoingia kwenye galari bila kuulizwa, galari nayo mara nyingi imeunganishwa na akaunti ya Google inayopeleka nakala mtandaoni, na kompyuta ya kaunta huwa imefunguliwa WhatsApp Web, yaani WhatsApp ya simu hiyo hiyo ikionekana kwenye kompyuta, kutwa nzima. Kitendo kimoja cha kutuma kimezaa nakala tatu au nne, na kufuta ujumbe kwa upande wako hakuzifikii zote. Hata ubora unapotea: kwa kawaida WhatsApp huipunguza picha hadi karibu pikseli 1600 kwa upande mrefu, ilhali picha ya sentimita 10 kwa 15 inayoprintiwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 1800 kwa 1200. Kwa picha za faragha, kataa kutuma kwa njia hiyo, hata duka likiwa la jirani unayemwita shemeji.

Njia iliyo bora ni flashi au memori kadi uliyoinunua kwa kazi hiyo tu, ikiwa na picha zile tu unazotaka kuprinti, maana flashi ya kila siku hubeba pia vyeti, mikataba na picha za harusi ya dada yako. Fundi afungue picha moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuzihamishia kwenye kompyuta. Akisema hawezi kwa sababu programu yake inataka nakala, basi nakala ifutwe mbele yako, na ujue kwamba kufuta kwa kawaida huondoa anwani ya faili tu. Programu za kurudisha faili zilizofutwa zinapatikana bure, na mtu mwenye nia anaweza kuzitumia siku hiyo hiyo. Kompyuta huweka pia orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni pamoja na vijipicha vyake vidogo, ambavyo hubaki hata flashi ikishachomolewa.

Baada ya hapo inakuja mashine, na hapa ndipo wateja wengi, na mafundi wengi pia, hawatazami. Mashine kubwa za maabara, kama Frontier za Fuji au zile za Noritsu, hutoa picha nzuri sana kwa kuipiga karatasi mwanga na kuipitisha kwenye dawa, lakini hufanya kazi kwa kompyuta yenye diski yake, ambayo inaweza kuhifadhi kazi zilizopita ili mteja akirudi zitolewe tena. Mwendeshaji pia huitazama kila picha kwenye skrini ili arekebishe rangi, kwa hiyo kumwomba asitazame ni kumwomba asifanye kazi yake. Kwa picha za harusi hayo yote ni mema. Kwa picha za faragha siipendekezi mashine hiyo, isipokuwa unamfahamu mwendeshaji na amekubali kuifuta kazi yako kwenye mashine ukiwa umesimama hapo.

Mashine ndogo zinazotoa picha kavu papo hapo, ambazo studio nyingi huzitumia kwa picha za pasipoti na za matukio, zina siri yake ambayo ningependa kila mtu aijue. Hazitumii wino wa maji. Zina riboni, utepe mwembamba wa plastiki wenye sehemu za njano, waridi iliyokolea na samawati, kisha sehemu isiyo na rangi inayoweka ngozi ya kinga. Karatasi huingia na kutoka mara nne, na kila mara kichwa chenye joto huihamisha rangi kutoka kwenye riboni kwenda kwenye karatasi, kiasi kinachotakiwa mahali kinapotakiwa. Rangi iliyohama huacha pengo lenye umbo la picha. Chukua riboni iliyotumika, ivute taratibu kutoka kwenye gurudumu lake, iinue dirishani, nawe utaona uso wa mteja wa asubuhi ukiwa kinyume, giza pake pakiwa peupe na weupe wake ukiwa na rangi, mara tatu mfululizo, ukifuatwa na uso wa mteja aliyefuata, na wa yule baada yake, mpaka mwisho wa utepe. Kila alichoprinti mtu kimo humo. Mashine za kadi za vitambulisho zenye riboni ni vivyo hivyo.

Riboni hizi zikiisha hutupwa kwenye ndoo, ndoo humwagwa kwenye gari la taka, na taka za jiji huishia dampo la Pugu Kinyamwezi, zikipita njiani kwenye mikono ya watu wanaochambua chupa na vyuma. Sisemi kuna mtu anayezivizia riboni. Ninasema kwamba mwanamke aliyehakikisha faili yake imefutwa anaondoka akiwa ameiacha picha nzima dukani bila kuambiwa, na kumficha jambo hilo si haki. Mimi huzikata riboni zote kwa mkasi kabla ya kuzitupa, na mteja wa picha za faragha ana hiari ya kulipia riboni mpya, tukaitumia kwa picha zake tu, kisha akaondoka nayo. Ni gharama, na sikatai, lakini apewe nafasi ya kuamua mwenyewe.

Printa za wino wa matangi, kama zile za Epson za rangi sita ambazo zimejaa steshenari zetu, hazina tatizo hilo, kwa kuwa wino unarushwa moja kwa moja kwenye karatasi na hakuna utepe unaobaki na umbo. Kinachobaki ni kompyuta inayoiendesha, na karatasi za majaribio. Zitazame hizo karatasi. Fundi akitoa picha ikawa na mistari kwa sababu kichwa cha printa kimeziba, ataisukuma pembeni na kutoa nyingine, na ile ya kwanza, ambayo uso unaonekana vizuri kabisa, itabaki mezani. Iombe.

Ukiwa na uwezo, nunua mashine yako. Canon Selphy ndogo hukaa juu ya meza ya kujipambia, hupokea picha kutoka simuni kwa Wi-Fi bila kompyuta katikati, na hutoa saizi ya kadi ya posta. Riboni yake imo ndani ya kaseti, nawe unaijua sasa, kwa hiyo ivute uikate mwenyewe. Printa ndogo za Instax hutumia filamu inayopigwa mwanga na kujisafisha yenyewe, haziachi riboni, ingawa picha ya saizi ya Mini ina milimita 62 kwa 46 tu. Haja hii ni ya zamani kuliko simu: kamera ya Polaroid ilipoanza kuuzwa Boston mwezi Novemba 1948, iliwapa watu uwezo wa kupata picha bila kupeleka mkanda kwa mtu wa maabara. Marafiki wawili au watatu wanaoaminiana wanaweza kuchangia mashine moja, na kila mmoja akanunua karatasi na riboni zake.

Wasioweza kununua waende dukani, lakini wachague saa. Januari, shule zinapofunguliwa, steshenari hazina nafasi ya kupumua na mgongoni mwako watasimama wazazi wenye fomu. Asubuhi ya katikati ya wiki katika mwezi mwingine ni tulivu. Katika fremu nyingi za maduka ya Kariakoo na Mwenge skrini imeelekezwa kwa wateja ili waione kazi yao, kwa hiyo omba igeuzwe kabla flashi haijachomekwa. Dada anayetaka kuhudumiwa na fundi wa kike aseme hivyo bila kuona haya. Mzigo uchukue mwenyewe ndani ya bahasha isiyoandikwa kitu, usiukabidhi kwa bodaboda. Na fundi ukimuuliza mashine yake inabakiza nini akakasirika, mshukuru uondoke.

Elewa pia kwamba duka linaweza kukukatalia, na lina sababu. Kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa anayetengeneza au kumiliki picha chafu kwa ajili ya biashara, usambazaji au maonyesho, na fundi anayelipwa hapendi kujua mahakamani mpaka uko wapi. Mimi hupokea picha za mwili wa mtu mzima aliyekuja mwenyewe. Picha ya watu wawili sipokei mpaka nipate uhakika kwamba wote wawili wameridhia, na picha za tendo lenyewe sizipokei kabisa, wenyewe nawaelekeza kwenye mashine ya nyumbani. Picha ya utupu ya mtu aliye chini ya miaka 18 siigusi, hata ikiletwa na mzazi wake.

Picha zikishatoka, kazi ya simuni bado haijaisha. Iliyofutwa kwenye Picha za Google hukaa kwenye Tupio hadi siku 60, na ya iPhone hukaa kwenye zilizofutwa karibuni hadi siku 30, kwa hiyo ingia huko uzifute mara ya pili, kisha umwombe mwenzako afanye vivyo hivyo. Unyevu wa Dar, hasa wakati wa masika, huzigandisha picha zilizolaliana uso kwa uso, basi weka karatasi kavu katikati yake, tumia bahasha ya karatasi na sanduku lenye kufuli badala ya albamu ya gundi, na usiziweke chini ya godoro ambapo dada wa kazi atazikuta akitandika.

Ukigundua kwamba duka limebakiza nakala, au mtu akakutishia kuisambaza, usimtumie fedha na usifute ujumbe wake, kwa sababu ujumbe huo ndio ushahidi. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha picha za ngono kupitia mfumo wa kompyuta, na adhabu yake huanzia faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azitumie kwa kusudi lile alilozikusanyia, na Tume yake hupokea malalamiko. Polisi anzia Dawati la Jinsia na Watoto, ueleze ulipeleka picha lini, kwa njia gani na kwenye mashine ipi, na kama ulipewa risiti nenda nayo.