Mafuta tete ya limau si maji ya limau

Kosa linalozaa mengine yote ni kudhani kwamba kichupa cha mafuta tete, yaani mafuta ya harufu kali yanayovukiza upesi, kina limau zima ndani yake. Mafuta hutoka kwenye vifuko vidogo vya ganda la nje. Binya ganda bichi mbele ya mshumaa unaowaka, utaona cheche zikiruka: ndiyo hayo. Vitamini C haimo, maana huyeyuka kwenye maji na hubaki kwenye juisi. Kilichojaa humu ni limonini, kemikali yenye harufu ya michungwa, zaidi ya nusu ya mafuta yote.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile ya kung'arisha uso. Mafuta yaliyokamuliwa bila moto yana furanokumarini, kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi. Huanza wekundu, hufuata malengelenge, kisha madoa meusi yanayoweza kukaa miezi. Mtu alitaka kuondoa madoa, sasa anayo maradufu! Ukitaka kuyapaka, yachanganye na mafuta ya nazi au ya alizeti, yasizidi asilimia 2, yaani matone 12 hivi katika mililita 30, na sehemu hiyo isione jua kwa saa 12. Yaliyokenekwa, yaani yaliyotolewa kwa mvuke, hayana hatari hiyo ya jua, kwa hiyo soma lebo.

Wengine hutia matone kwenye glasi ya maji "kusafisha ini". Ini hujisafisha lenyewe. Mafuta hayachanganyiki na maji. Huelea juu na kufika kooni yakiwa makali vilevile. Dondosha tone moja kwenye kikombe cha povu la plastiki uone linavyokitafuna. Ukali huohuo ndio unaoyafanya yafae kubandua gundi ya lebo kwenye chupa, na hapo nayasifu bila kusita. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, yanaweza kuingia mapafuni; mkimbize hospitali. Mafuta haya huwadhuru paka pia.

Kuyanusa ni jambo jingine. Utafiti uliofanyika Iran na kuchapishwa mwaka 2014 uliona harufu yake ikipunguza kichefuchefu cha wajawazito.

Na si kweli kwamba hayaharibiki. Hewa na mwanga huigeuza limonini kuwa vitu vinavyoleta mzio wa ngozi. Yaweke kwenye chupa ya kioo cheusi, kifuniko kikazwe, penye baridi na mbali na moto. Yakianza kunuka tofauti, yasiguse ngozi tena.