Mchungaji Asiyechunga

Nikishika chapa ya mandhari ya karne ya 18, yaani picha iliyochapwa karatasini kwa bamba la shaba, kwanza namtafuta mchungaji. Kwa kawaida yuko pembeni, mdogo kama kidole, kajilaza chini ya mti mkubwa na filimbi mdomoni. Mbuzi wametawanyika, wala hana habari nao. Aliyewahi kuchunga anajua siku ya namna hiyo huishaje jioni, mifugo inapohesabiwa zizini.

Kiswahili kinatutega hapa. Kwetu mchungaji ni wa kanisani pia, na wengi wakiona picha hizi humkumbuka Yesu na kondoo wake. Siye. Huyu katoka kwa Virgil, mshairi wa Kirumi aliyeandika karibu miaka 40 kabla ya Kristo. Shairi lake la kwanza la wachungaji lina watu wawili. Tityrus kajipumzisha kivulini, anapiga filimbi. Meliboeus anapita akiswaga mbuzi wake, kafukuzwa. Ardhi yake inachukuliwa na askari. Mbuzi wake mmoja kazaa pacha juu ya mawe matupu, na imembidi awaache hapo hapo.

Wachoraji walimchukua Tityrus, Meliboeus wakamwacha njiani.

Aliyemtengenezea Tityrus makao ya kudumu ni Claude Lorrain, aliyeishi Roma karne ya 17: mto, daraja, gofu la hekalu, mwanga wa jua lililo chini. Claude alinakili picha zake katika daftari, Liber Veritatis, ili waigaji wasiuze kazi zao kwa jina lake. Mwaka 1777 John Boydell wa London alichapisha michoro hiyo, chapa 200 katika juzuu mbili, zilizochongwa na Richard Earlom.

Kazi ya Earlom naipenda mno. Mistari ya kalamu aliikwaruza kwenye utando uliofunika bamba la shaba, kisha tindikali ikaila shaba. Vivuli alivipata kwa kulikwaruza bamba kwa chombo chenye meno mengi, likawa na vinundu vya kushika wino wa kahawia; palipotakiwa kung'aa, akapalainisha. Kwa hiyo jua unaloliona halikuchorwa kwa wino. Ni karatasi yenyewe, mahali bamba lilipokataa wino.

Gofu nalo lina lake la kusema. Dola iliyojenga nguzo zile imekwisha, na mbuzi wanakula majani katikati yake. Amani ya malishoni imeishinda Roma, ndivyo picha inavyodai.

Lakini miaka ileile Bunge la Uingereza lilikuwa likipitisha sheria kwa mamia za kuzungushia uzio malisho ya pamoja. Mwanakijiji mwenye ng'ombe mmoja alikosa pa kumlisha, huku juzuu za Boydell zikiingia kwenye maktaba za wenye mali. Meliboeus alikuwa amerudi, na safari hii hakuwa mtu wa shairi.

Ndiyo maana sitaki vivuli virefu vya chapa hizi viitwe pambo. Mwishoni mwa shairi Tityrus anamkaribisha mwenzake alale kwake usiku mmoja tu, juu ya majani mabichi: kuna matunda yaliyoiva, kuna jibini tele. Moshi umeshaanza kupanda juu ya mapaa kule mbali, na vivuli vya milima vinazidi kurefuka. Virgil hatuambii kama Meliboeus alikubali.