Kiongozi maana yake nini, kwenye hizi safari za kujitolea

Juzi nimelisikia tena neno kiongozi. Tumekaa Nyerere Square jioni, upepo wa Dodoma unapuliza vumbi mpaka unafumba macho, mdogo wangu mmoja wa mwaka wa pili UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ananionyesha fomu kwenye simu. Safari ya kujitolea ya wanafunzi wa kike, wiki tatu nje ya nchi, na juu wameandika kwamba inajenga uongozi kwa wasichana. Kajaza yote, jina, umri, kozi, pasipoti, ila sehemu moja kaiacha wazi, ile ya kueleza uzoefu wako wa uongozi. Namuuliza mbona hapa hujajaza, ananijibu, "Dada, mimi sijawahi kuwa kiongozi, hata uwakilishi wa darasa sijawahi kupata. Nikirudi ndo nitakuwa kiongozi."

Sikumjibu palepale, ila usiku sikulala vizuri. Hii ni kama mara ya kumi nasikia msichana anasema hivyo, na sio kosa lake, sote tumelizoea neno hili vibaya. Acha nilieleze.

Safari yenyewe haina ugumu kuielewa. Mwanafunzi anatoka kwao anaenda nchi nyingine, wiki kadhaa au miezi, anafanya kazi na wenyeji bila mshahara, iwe kufundisha, kupanda miti, kusaidia zahanati au kujenga darasa, na wanaoiandaa wanategemea akirudi awe amejifunza kuamua, kubeba jukumu na kusema mbele za watu bila kutetemeka. Vyuo vya Marekani, vya wanawake vikiwemo, vinapeleka wanafunzi hivi hata kwenye likizo fupi za katikati ya muhula. Zipo za muda mrefu pia, wale wa Peace Corps, shirika la kujitolea la serikali ya Marekani, wanakaa miaka miwili, walianza 1961 na Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kabisa kuwapokea, na Waingereza walikuwa na shirika lao la namna hiyo, VSO, tangu 1958. Na kujitolea ni hivyo linavyosikika, toa, tolea, jitolea, yaani unajitoa mwenyewe kwa ajili ya mtu au jambo. Siku hizi mjini hapa ukisema najitolea watu wanaelewa unafanya kazi ofisini bila kulipwa huku unasubiri ajira, sawa, maisha ndo yalivyo, hilo halinisumbui.

Linalonisumbua ni uongozi.

Tuanzie kwenye neno. Kuna kitenzi ongoa, wengi hatukitumii kila siku lakini ndugu zake tunawajua. Kuongoa ni kuweka mtu au kitu kwenye njia iliyo sawa. Aliyeongolewa ameongoka, na yule ni mwongofu, ndo maana msikitini na kanisani utalisikia sana. Kwenye sala Waislamu wanaomba waongozwe njia iliyonyooka, na kwenye Zaburi ya 23 mchungaji anaongoza kando ya maji. Ona, kote huko ni njia, hakuna kiti. Ukitaka kuliona umbo lake vizuri liweke karibu na kinyozi. Nyoa, kinyozi. Ongoa, kiongozi. Kinyozi tunamwita hivyo kwa kuwa ananyoa, hakuna aliyemwapisha, na siku akiacha kunyoa hata akibaki na kibanda na kioo na picha za mitindo ukutani huendi tena kwake.

Halafu kuna neno moja zuri mno ambalo naona tunalipita tu. Kuongozana. Mama katoka na mwanae kwenda sokoni tunasema wameongozana. Hakuna hapo mkubwa na mdogo, ni watu wanatembea njia moja, pengine wa mbele kidogo ndo anajua wapi pana tope. Ni kitenzi kilekile. Kwa hiyo Kiswahili chetu tangu mwanzo kinamwona kiongozi ni mtu anayetembea na wenzake.

Na hili sio nadharia, hapa kwetu katikati ya nchi limeishi kabisa. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikuwa lazima ikatize Ugogo. Wazungu waliopita humu, Burton na Speke mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, wamemwandika mtu anaitwa kirangozi, ambaye ndo huyu huyu kiongozi kwa matamshi ya zamani. Kirangozi alitembea mbele kabisa ya msafara ameshika bendera. Hakuwa tajiri wa msafara, mali haikuwa yake, pembe za ndovu hazikuwa zake. Mara nyingi alikuwa mpagazi kama wapagazi wengine, ila anaijua njia. Na njia ya huku kuijua haikuwa mchezo, maana ukishaiacha Mpwapwa unaingia nyika waliyoiita Marenga Mkali, maana yake maji makali, na huko ukikosea kisima watu wanakufa. Ukitoka hapo unaingia kwa watemi wa Kigogo na lazima ulipe hongo, enzi hizo ikiwa ni ushuru wa kupita, kwa hiyo mtu wa mbele anatakiwa ajue pia kusalimia na kuongea na wenye nchi.

Kwenye msafara huohuo kulikuwa na watu wengine, wanyampara. Hao ndo walikuwa na madaraka juu ya wapagazi, wanasimamia nani kabeba, nani kalala, nani katoroka. Neno lao limebaki mpaka leo, mnyapara, na kila mtu anajua linatumika kwa nani, msimamizi wa vibarua, au mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya wafungwa wenzake. Yaani babu zetu walikuwa na maneno mawili kwa kazi mbili, mwenye amri juu ya watu alikuwa na jina lake na mjua njia alikuwa na lake. Sisi tumezichanganya, tumechukua jina la yule wa mbele tukampa yeyote mwenye amri. Na cheo chenyewe, neno cheo, zamani lilikuwa na maana ya kipimo, ukubwa wa kitu. Kipimo kinakwambia mtu yuko wapi kwenye ngazi, hakikwambii anajua visima viko wapi.

Sasa rudi kwenye safari za kujitolea.

Miaka kadhaa nyuma niliongozana na kundi la wanafunzi wa kike kutoka nje, kijiji kimoja cha Chamwino, mimi nilikuwa naandika kumbukumbu. Wasichana wazuri, wana heshima, wamejiandaa kweli, wametengeneza mabango ya kunawa mikono kwa michoro mizuri, mkutano na akina mama saa nne asubuhi. Saa nne hakuna mtu. Saa nne na nusu wamekuja wazee wawili na watoto. Wale wageni wanaangaliana, mmoja machozi yanamlengalenga, anahisi wamekataliwa. Mkalimani wao alikuwa binti wa chuo hapahapa mjini, kwao Mvumi, hajasema kitu, kavua viatu vyake vya mjini kavaa kandambili kaondoka. Nikamfuata. Tumekuta akina mama wote wako kisimani. Foleni ya ndoo kama arobaini, pampu ya mkono inatoa maji kwa kusuasua, na wengine wako pale tangu alfajiri. Binti kasalimia "mbukwenyi," wakamwitikia wote kwa pamoja, kashika mpini wa pampu akaanza kusukuma, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, anaongea nao Kigogo huku jasho linamtoka, hajataja mkutano kabisa. Baadaye mama mmoja mwenyewe kamuuliza, wale wageni wako wanataka nini? Hapo ndo akaeleza.

Tukarudi, akawaambia wageni, mkutano uko kulekule kisimani, chini ya mbuyu, bebeni mabango. Na ikawa hivyo, huku maji yanatekwa watu wanaongea habari za kunawa mikono, na swali la kwanza la akina mama likawa tunawe na maji yapi, na hilo kwa kweli ndo lilikuwa swali lenyewe. Mgeni mmoja, yule aliyekuwa analengwa na machozi, akaweka karatasi zake chini akashika pampu, halafu akaomba atafsiriwe: mnateka maji saa ngapi, na jioni je? Mabango yalikuja bila swali hilo. Kuanzia siku ile kila kitu walikipanga baada ya kuuliza saa ya maji.

Siku ya mwisho vyeti vikagawiwa. Wageni wote wameandikiwa uongozi. Binti wa Mvumi kaandikiwa mkalimani.

Alikipokea kwa mikono miwili akashukuru. Mimi ndo niliyeumia, na bado inaniuma. Aliyejua njia siku ile ni nani? Aliyekwenda mbele ni nani? Yule mgeni wa pampu naye nampa haki yake, alianza uongozi pale alipouliza saa ya maji, kwa sababu kuuliza njia ndo mwanzo wa kuijua, na naamini hicho ndo kitu safari hizi zinaweza kumpa msichana kweli, zikiandaliwa vizuri. Ila hakuupata kwa kupanda ndege. Wenzake watano walipanda ndege ileile.

Tofauti hii ina uzito, haiishii kwenye kamusi. Nenda Kongwa uulize habari za karanga. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta kulima karanga maelfu kwa maelfu ya ekari, vyeo walikuwa navyo, pesa walikuwa nazo, amri walikuwa nayo. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja na haina ahadi, udongo ukikauka unakuwa mgumu kama saruji. Mkulima yeyote wa Kigogo angewaambia. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, hasara mamilioni ya pauni. Ule ulikuwa msafara wenye wanyapara tele bila kirangozi.

Na kwa wasichana naona kosa hili linauma mara mbili. Tunawafundisha kwamba uongozi uko mbali, uko kwenye viza, uko kwenye picha za stetasi na watoto wa nchi nyingine, kwa hiyo yale wanayofanya kila siku hawayahesabu. Utasikia mtu anasema mama Gertrude Mongella alikuwa kiongozi kwa sababu ya Beijing 1995. Jamani, alikwenda kuongoza ule mkutano wa wanawake wa dunia akiwa kashakuwa mwalimu, mbunge, waziri. Bibi Titi Mohamed kabla ya kuingia TANU, chama kilichopigania uhuru, alikuwa anaongoza kuimba kwenye ngoma, ndo maana alipoambiwa akusanye akina mama alijua pa kuwapata na namna ya kuwaita. Hapa kwetu kaa kwenye muheme uwaone mama zetu wa Kigogo na ngoma kati ya magoti, mmoja anaanzisha, wengine wanaingia, akibadilisha mapigo wote wanageuka naye. Muulize yule mama kama ni kiongozi, atacheka akwambie yeye anapiga ngoma tu.

Nazipenda hizi safari, naomba nieleweke hapo. Msichana aende, aone, alale mahali ambapo hajui lugha, ajue inavyokuwa kutegemea mtu mwingine akuombee maji ya kunywa. Anayerudi akiwa ameonja hilo anamwona mgeni kwa jicho jingine. Ila tusimwambie kwamba uongozi anaukuta huko umefungwa kwenye boksi anakabidhiwa na cheti.

Basi jana nikamtafuta yule mdogo wangu. Nimemkuta amechoka, miguu vumbi tupu, namuuliza umetoka wapi, anasema, aa dada, nilikuwa Nanenane stendi, si unajua mwaka wa kwanza wameanza kuripoti. Kumbe tangu yeye mwenyewe alipopotea siku yake ya kwanza chuo, na UDOM mnaijua ilivyo, koleji zimetapakaa vilimani, unaweza ukatembea na begi saa nzima ukaishia koleji ambayo sio yako, akajisemea hataki mtoto wa kike mwingine ahangaike vile. Kila wanapofungua anakwenda stendi na wenzake wawili, wameandika karatasi, wanawapokea, wanapanda nao daladala, wanawafikisha mpaka mlangoni kwenye koleji zao, wanawaonyesha maji yanapatikana wapi na duka lipi linaongeza bei usiku.

Nikamwambia, mdogo wangu, lete ile simu, fungua fomu, panda juu pale ulipoacha wazi. Akaniuliza, "Niandike nini sasa?" Nikamwambia andika hilohilo, kuanzia stendi.